Mto uzamao ardhini na watawa wa Beuron



Mwezi uliopita nilipokea barua ya mwanafunzi wa shule ya sekondari. Sitataja jina lake wala parokia yake, kwa kuwa mambo aliyoyaandika ni ya nyumbani kwao. Anasema kwamba kwa muda mrefu sasa moyo wake unamvuta kwenda kuishi katika monasteri. Hataki kuwa padri wa parokia, abatizaye na kufungisha ndoa, wala bruda wa kufundisha shule. Anataka kuwa mtawa wa kukaa mahali pamoja, akisali na kufanya kazi mpaka siku ya kufa kwake. Baba yake alipopata habari hiyo alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akamwambia: «Mwanangu, nimeuza mbuzi, nimeuza na baiskeli, ili nikulipie masomo. Je, nimelipa yote hayo ili ukaimbe?» Kijana hakupata la kujibu. Ndipo akaniandikia akiniuliza: «Hao watawa wakaao ndani ya kuta wana faida gani kwa watu?»

Swali la baba huyo si swali la mtu mbaya. Ni swali la mtu aliyetoka jasho. Kwa hiyo sitaki kulijibu haraka kwa maneno matamu. Afadhali tufanye safari, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, twende tukaitazame monasteri moja katika kijiji cha Ujerumani kiitwacho Beuron. Nimekichagua kwa sababu tatu. Ya kwanza, nchi yake ni nzuri sana. Ya pili, habari zake ni za kale na zina mafundisho. Ya tatu nitaisema baadaye, kwa maana inatuhusu sisi watu wa Kongo kuliko mnavyodhani.

Bonde la mawe meupe

Beuron iko kusini ya Ujerumani, katika jimbo la Baden-Württemberg, wilaya ya Sigmaringen. Ni tarafa ndogo ya mashambani yenye vijiji vichache: Beuron yenyewe, Hausen im Tal, Langenbrunn, Neidingen na Thiergarten. Wakaaji wake wote wakihesabiwa pamoja hawafiki elfu moja. Kwetu ziko parokia ambazo siku ya Pasaka huona watu wengi kuliko hao katika Misa moja.

Mgeni hufika kwa gari moshi, kwa njia ya reli iliyojengwa hapo mwaka 1890 kuufuata mto Danube. Reli na mto vinapita pamoja katika bonde jembamba, huku na huku imesimama miamba mirefu ya mawe ya chokaa, myeupe kama mifupa, na misitu imeshika kila mahali ambapo mzizi umepata udongo. Wenye elimu ya mawe wanatufundisha kwamba nchi hii zamani ilikuwa chini ya bahari ya joto, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Miamba hiyo ilijengwa na sifongo na viumbe wengine wadogo wa baharini, kizazi juu ya kizazi, na mpaka leo watu huokota humo makombe yaliyogeuka mawe. Mtu akipanda juu ya mwamba uitwao Eichfelsen, karibu na kijiji cha Irndorf, anasimama zaidi ya mita 150 juu ya mto. Kutoka huko auona Danube ukijipinda kama nyoka aliyelala juani.

Katika miamba hiyo kozi hujenga kiota chake, na bundi wakubwa pia. Wako na wanyama wa milimani wafananao na mbuzi, ambao hukimbia juu ya majabali pasipo kuteleza. Ng'ambo ya bonde imesimama ngome ya Wildenstein, ambayo ni ya tarafa jirani ya Leibertingen. Siku hizi ngome hiyo si ya mashujaa wa vita tena, bali ni nyumba ya kuwalaza vijana wasafiri. Katika Thiergarten kuna kikanisa kidogo cha Mtakatifu Georgi, kilichojengwa kwa safu tatu mfano wa basilika kubwa, ijapokuwa watu wachache tu wanaweza kuenea ndani yake.

Tangu mwaka 1980 bonde hili ni hifadhi, nayo inaitwa Hifadhi ya Danube ya Juu. Nyumba ya hifadhi, ambamo wageni hufundishwa habari za mimea na wanyama, imewekwa katika jengo la zamani la kituo cha reli cha Beuron. Watu wengi huja kutembea kwa miguu, kupanda baiskeli kando ya mto, kupanda majabali kwa kamba, na kupiga kasia. Lakini si kila mtu hufanya apendavyo. Iko miamba isiyoruhusiwa kupandwa, ili ndege walee makinda yao kwa amani, na mashua mtoni zimewekewa sheria na kiasi. Hapo nasi tunaweza kujifunza. Uzuri wa nchi ukiachwa bila mlinzi, wageni wenyewe waupendao ndio watakaoumaliza.

Mto unaopotea

Sasa nitawaambia ajabu kubwa ya nchi hiyo, nanyi muishike vizuri, kwa sababu tutairudia.

Mto Danube unaanzia karibu na mji wa Donaueschingen, mahali ambapo vijito viwili, Brigach na Breg, vinakutana. Kutoka hapo unakwenda upande wa mashariki, unapita katika nchi kumi au kando yake, na baada ya kilometa 2,850 hivi unaingia katika Bahari Nyeusi. Lakini kabla ya kufika Beuron, karibu na kijiji cha Immendingen, maji yanaanza kuzama. Mawe ya chokaa chini ya mto yamejaa nyufa na mapango, na maji huingia humo kama vile katika chungu kilichopasuka. Katika miaka mingi, kwa zaidi ya siku 100, mto wote hupotea. Mtu anaweza kutembea katikati ya njia ya Danube kwa viatu vikavu, akitazama changarawe na samaki waliokufa.

Je, maji yanakwenda wapi? Watu walibishana miaka mingi. Wenye vinu na viwanda chini ya mto walitaka kuziba nyufa, na wengine walio kusini, kwenye chemchemi kubwa ya mto Aach, waliogopa wasije wakakosa maji. Mwaka 1877 mtaalamu Adolf Knop alifanya jaribio ili kumaliza ugomvi. Alitia katika nyufa za Immendingen chumvi nyingi, pamoja na kilo 10 za rangi yenye nguvu sana. Baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach, iliyo mbali kwa kilometa kama 12, ikatoa maji ya kijani yang'aayo. Hivyo watu wakajua kwa hakika. Maji yaliyopotea hayakuwa yamekufa. Yalipita gizani chini ya milima, yakatokea mahali pengine, nayo yakaanza safari nyingine.

Tena si safari ya upande ule ule. Mto Aach unaingia katika ziwa la Konstanz, na maji ya ziwa hilo huchukuliwa na mto Rhine mpaka Bahari ya Kaskazini. Ndugu zetu wa Kipushi na Kasumbalesa watafahamu upesi, kwa sababu mpaka wetu na Zambia huko unafuata mgongo wa nchi unaotenga maji. Tone la mvua likianguka upande huu linaufuata mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Likianguka upande ule linaufuata Zambezi mpaka bahari ya Hindi. Lakini kwetu mgongo huo ni kama ukuta. Huko Ujerumani maji hupita chini ya ukuta. Na chemchemi ya Aach ndiyo yenye nguvu kuliko zote za Ujerumani: kwa wastani hutoa lita kama 8,000 kila sekunde.

Na Danube je? Haufi. Mbele kidogo, katika Tuttlingen, vijito vingine viitwavyo Krähenbach na Elta vinauletea maji mapya. Unaanza tena kidogo kidogo, na ukifika Beuron ni mto kweli, wenye kuakisi miamba na kuta za monasteri.

Nyumba iliyofungwa mara mbili

Tukivuka mto tunaiona monasteri katika kona ya bonde, kubwa kuliko kijiji chenyewe. Mahali hapo palianza kuwa pa sala katika karne ya 11. Wakanoni wafuatao kanuni ya Mtakatifu Augustino walipaanzisha mwaka 1077, na Papa Urbano wa Pili akawathibitishia nyumba yao mwaka 1097. Walikaa hapo zaidi ya miaka 700. Kanisa linaloonekana leo walilijenga kati ya mwaka 1732 na 1738, likapambwa kwa picha katika dari na kwa madhabahu ya fahari, kama ilivyopendeza katika siku zile.

Halafu ikaja siku ya kwanza ya kufungwa. Napoleon alipoitikisa Ulaya, wafalme na wakuu wa Ujerumani walinyang'anya mali ya monasteri nyingi ili kujilipa hasara zao za vita. Mwaka 1802 wakanoni wa Beuron wakaondolewa, na nyumba ikawa mali ya wakuu wa ukoo wa Hohenzollern-Sigmaringen. Kwa miaka 60 kuta zile hazikusikia zaburi.

Mjane mmoja wa ukoo huo, Katharina, alikuwa mcha Mungu. Huko Roma alikutana na watawa wawili Wabenediktini, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, Maurus na Placidus Wolter. Akawapa nyumba ya Beuron, na mwaka 1863 wakaingia na wenzao wachache. Mwaka 1868 ikawa abasia, yaani monasteri kamili iongozwayo na abati. Wakaanza kuishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, aliyoiandika katika Italia karne ya 6: kusali pamoja saa zilizopangwa, kusoma Maandiko, kula kwa kazi ya mikono yao, na kumpokea kila mgeni kama Kristu mwenyewe.

Hawakukaa sana. Serikali ya Prussia, chini ya Bismarck, ikagombana na Kanisa Katoliki, na mwaka 1875 sheria ikafunga nyumba za watawa. Wabenediktini wa Beuron wakafungasha vitabu vyao, wakaondoka wakati wa baridi kwenda nchi ya Austria. Mtazame sasa mwaka ule 1877, mtaalamu alipotia rangi katika mto uliozama. Monasteri iliyo chini ya mto huo ilikuwa tupu. Mpita njia yeyote angesema: hapa mambo yamekwisha, hawa wamepotea kama maji ya Danube. Lakini watawa walikuwa wanatokea mahali pengine, Praha mwaka 1880 na Seckau mwaka 1883. Na walipoacha kuzuiwa, mwaka 1887, wakarudi Beuron kwa wingi kuliko walivyoondoka.

Tuingie ndani

Ukiingia kanisani, upande mmoja utaona kikanisa cha neema, kilichojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Ndani yake imo sanamu ya mti ya Bikira Maria akimpakata Mwanaye aliyeshushwa msalabani, kazi ya karne ya 15. Mahujaji humjia na shida zao. Mama aliyefiwa haitaji kuelezwa sanamu hiyo maana yake nini.

Saa za sala zikifika kengele inalia, na watawa wanaingia wawili wawili katika kanzu nyeusi. Nyimbo zao ni za Kigregoriani, kwa lugha ya Kilatini, bila ngoma wala kelele, upande mmoja ukipokezana na upande wa pili. Anayetazamia kufurahishwa atachoka. Anayetaka kunyamaza mbele ya Mungu atapata msaada.

Kwa kazi pia nyumba hii ina sifa. Maktaba yake ina vitabu zaidi ya 400,000. Mwaka 1945 Padri Bonifatius Fischer alianzisha humo kazi ya kukusanya neno kwa neno tafsiri za kale za Kilatini za Biblia, zile zilizotangulia tafsiri ya Mtakatifu Yeronimo. Watawa na wasomi wamefanya kazi hiyo kwa vikaratasi vidogo, mamia ya maelfu, kila kimoja kimeandikwa mstari mmoja. Na maneno ya kale kuliko yote waliyoyakusanya yametoka Afrika, katika Karthago ya Mtakatifu Sipriano, mahali ambapo Wakristu walisoma Injili kwa Kilatini mapema sana. Kwa hiyo katika vikasha vya kijiji kile cha Ujerumani zimehifadhiwa sauti za Wakristu wa Afrika wa karne ya 3.

Afrika iko na mahali pengine. Mwendo mfupi kufuata mto kuna kikanisa cha Mtakatifu Mauro, kilichojengwa kati ya mwaka 1868 na 1871. Wageni hushangaa wakikiona, kwa maana kimesimama chini ya miamba ya Ujerumani kikifanana na hekalu la Misri. Aliyekichora, Peter Lenz, ambaye baadaye aliitwa Padri Desiderius, alichoka na picha za machozi na maua za wakati wake. Akaisoma sanaa ya Misri ya kale, akapenda utulivu wake na vipimo vyake, akasema ndani ya moyo wake kwamba hivyo ndivyo inavyofaa kusimama mbele ya Mungu. Mitindo ya shule yake ilienea katika makanisa ya nchi nyingi. Vijana wetu wanaochora na kuchonga wakumbuke habari hiyo, wasione haya kutazama kazi za babu zao.

Tena wako wageni waliofika hapa na kuondoka na nguvu. Mmoja wao ni Edith Stein, binti wa Kiyahudi, mwalimu wa falsafa, aliyebatizwa mwaka 1922. Kuanzia Juma Takatifu la mwaka 1928 alikuja Beuron mara nyingi kusali, na abati mkuu Raphael Walzer alikuwa mwongozi wa roho yake. Mwaka 1933 aliingia utawa wa Karmeli. Mwaka 1937 abati Walzer alilazimika kuacha kiti chake, kwa kuwa utawala wa Hitler haukumtaka. Na tarehe 9 Agosti 1942 Edith Stein aliuawa katika Auschwitz pamoja na watu wa taifa lake. Mwaka 1998 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu, Teresa Benedikta wa Msalaba.

Maji yaliyotokea kwetu

Sasa niseme ile sababu ya tatu.

Mwaka 1872, kabla ya kufukuzwa, watawa wa Beuron walikuwa wametuma ndugu zao Ubelgiji kuanzisha monasteri ya Maredsous. Placidus Wolter alikuwa abati wake wa kwanza. Huko Maredsous mtawa mmoja, Gérard van Caloen, alitoa mwaka 1882 misale ya waamini katika Kifaransa, ili watu wasio mapadri waweze kuifuata Misa. Miaka miwili baadaye Padri Anselm Schott wa Beuron, akifuata kielelezo hicho, alitoa misale ya Kijerumani, ambayo imetumiwa na familia nyingi mno mpaka watu huita kitabu chenyewe kwa jina lake. Hivyo mtoto alimfundisha mama.

Van Caloen huyo huyo ndiye aliyeanzisha baadaye abasia ya Saint-André karibu na mji wa Brugge. Na mwaka 1910, Roma ilipoanzisha Prefektura ya Kitume ya Katanga, iliikabidhi kwa Wabenediktini wa Saint-André, wakiongozwa na Padri Jean-Félix de Hemptinne. Huyu alikuwa baadaye askofu katika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mpaka alipofariki mwaka 1958. Si kila alilolitenda linasifiwa. Alishikamana mno na utawala wa Wabelgiji, na historia inamhukumu kwa hilo. Lakini wazee wengi wa Katanga walibatizwa na watawa wake, na shule nyingi zilianzia mikononi mwao. Ukiufuata mto huo kurudi nyuma, kutoka Katanga mpaka Brugge, kutoka Brugge mpaka Maredsous, utafika katika bonde la miamba meupe.

Upande wa mashariki maji yalitokea kwa njia nyingine. Padri Andreas Amrhein, mtawa wa Beuron kutoka Uswisi, alitamani kupeleka Wabenediktini katika misioni. Wakubwa wake walisita, kwa sababu mtawa wa Benedikto huahidi kukaa mahali pamoja. Akapata ruhusa ya kuanzisha nyumba yake mwaka 1884, nayo ndiyo iliyokuja kuitwa Sankt Ottilien, katika Bavaria. Wamisionari wake wa kwanza walitumwa Afrika ya Mashariki mwaka 1887, wakajenga Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwaka 1889, watu wa pwani walipoinuka kupigana na kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuwatawala, misioni hiyo ilichomwa na wamisionari watatu wakauawa. Hapo pia mtu angesema: mto umekauka. Lakini mwaka 1898 ikaanza Peramiho, mwaka 1906 Ndanda, na mwaka 1957 Hanga, monasteri ya Watanzania wenyewe.

Na Beuron leo? Kabla ya vita vya pili watawa walijaa humo. Siku hizi ni wachache, na wengi wao ni wazee. Viti vingi vya kanisani havina mwenyewe. Wageni wa baiskeli ni wengi kuliko watawa wenyeji. Sisemi hayo ili kuwacheka. Nani ajuaye kama hicho si kipindi kingine cha kuzama?

Jibu kwa kijana na kwa baba

Kijana, umeniuliza watawa wana faida gani. Umeona sasa kwamba faida yao haipimwi mahali wanapokaa. Ndugu wawili wa Wolter hawakumbatiza mtu hata mmoja katika Katanga, wala hawakujua kwamba siku moja mama zetu watafundishwa sala na wana wa wana wao. Wao waliamka, wakaimba, wakafanya kazi, wakalala. Mengine yalipita chini ya mlima.

Lakini usimdharau baba yako. Mbuzi aliowauza walikuwa mbuzi wa kweli. Na mimi siwezi kumwahidi kwamba ataona kwa macho yake matunda ya wito wako. Anayetia rangi mtoni kwa kilo 10 anaweza kungoja saa 60 aone kijani. Anayetoa mwana hapewi hesabu ya saa.

Mwambie hata hivyo jambo moja la kumtuliza: hakuna monasteri itakayokuchukua kesho. Mtakatifu Benedikto mwenyewe ameagiza kwamba mtu ajaye asikubaliwe upesi. Agonge mlango, angoje, asomewe Kanuni mara kwa mara, ajaribiwe mwaka mzima kabla ya kuahidi kitu. Siku hizi ahadi ya maisha haitolewi ila baada ya miaka kadhaa. Basi maliza masomo yako kwanza, kwa heshima ya mbuzi wale. Mwone padri wa parokia yako. Likizo ijayo uombe ruhusa ukae siku chache katika nyumba ya watawa, nawe umwombe baba akusindikize. Akae naye katika kiti cha nyuma, asikie wanavyoimba, awaone wanavyolima baada ya kuimba. Halafu mkirudi nyumbani, muulize tena swali lake, nawe umsikilize kwa makini atakalolijibu.

Nawatakia amani wote wa nyumbani mwenu. Tutaonana katika safari ijayo.

Msafiri wenu